Adrian Atiman: Mtoto Aliyeuzwa, Tabibu wa Karema



Kama ilivyo desturi ya kijitabu hiki, kabla hatujafika kwenye hesabu za mwaka na fomu ya ahadi, tunasimulia maisha ya mtu mmoja ambaye watoto wetu wanaweza kujifunza kwake. Tumekwisha kuwaandikia habari za Mtemi Mirambo na Mtemi Isike. Safari hii wazee wa kamati walishauri tuwaache watemi wapumzike. Wanafunzi wengi wanaosoma kurasa hizi hawatarithi utemi wala hawataongoza jeshi. Watakachokuwa nacho ni daftari, kalamu na miaka ya shule iliyo mbele yao. Basi tumemtafuta mtu ambaye naye hakuwa na kingine.

Huyo ni Adrian Atiman, tabibu wa Karema. Wazee wa kando ya Ziwa Tanganyika wanalijua jina hilo. Karema leo iko Mkoa wa Katavi, lakini zamani barua na amri za serikali zilifika huko kutoka Tabora, makao ya Jimbo la Magharibi, na kabla ya hapo misafara ya kwenda Karema ilichepuka kutoka njia yetu kubwa ya Unyanyembe. Kwa hiyo tunapomsimulia Atiman hatuazimi mtu wa mbali. Alikuwa mtu wa njia hii, ingawa hakuzaliwa huku.

Alizaliwa mbali sana. Kwao kulikuwa Tundurma, kijiji cha kando ya mto Niger karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo inaitwa Mali. Inakadiriwa alizaliwa mwaka 1866. Alikuwa bado mtoto mdogo alipokamatwa na watekaji, akatengwa na wazazi wake na kutiwa katika msafara wa kuvuka jangwa la Sahara kuelekea kaskazini. Hakuwaona tena watu wa kwao.

Tunaomba msomaji asiipite sentensi hiyo upesi. Sisi watu wa Tabora tunaishi juu ya njia ambayo watoto kama yeye walipitishwa. Miembe mikubwa mnayoiona imepangana kuelekea Ujiji ilipandwa enzi za misafara ile. Chini ya vivuli vile walipumzika wapagazi wa Kinyamwezi, wanaume hodari waliobeba mizigo ya kilo 30 na zaidi kwa ujira, na fahari yao tunaisimulia hadi leo. Lakini chini ya vivuli vile vile walipumzishwa pia watu waliofungwa, na watoto wasiojua wanapelekwa wapi. Atiman alipita njia ya namna hiyo katika jangwa, na alikuwa bidhaa.

Mwaka 1876 msafara ulifika kusini mwa Algeria. Huko walikuwako mapadre wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, lililoanzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers. Mapadre hao walikuwa wakinunua watoto kwa wafanyabiashara wa watumwa ili kuwapa uhuru. Wakamkomboa Atiman. Alikuwa na umri wa miaka kama 10, hana ndugu, hana lugha aliyoweza kuzungumza na wenyeji, wala hajawahi kushika kitabu.

Wengi wakisimulia habari zake huishia hapo, kana kwamba siku ya kukombolewa ndiyo iliyomfanya awe tabibu. Sivyo. Kumkomboa lilikuwa jambo la siku moja. Kati ya siku ile na siku aliyomaliza masomo yake ya utabibu ilipita miaka 12.

Miaka hiyo ndiyo tunayotaka wanafunzi waitazame. Kwanza alifundishwa kusoma na kuandika Algeria, kwa Kifaransa, lugha ambayo mama yake asingeelewa hata neno moja. Mwaka 1881 Lavigerie aliwachagua baadhi ya vijana wa Kiafrika waliokombolewa, akawapeleka kisiwa cha Malta kusomea utabibu. Nia yake ilikuwa wawe waganga na walimu wa dini katika Afrika ya kati, mahali ambapo Wazungu walikuwa wakifa ovyo kwa homa. Atiman alikuwa mmojawapo. Mwaka uliofuata, 1882, alibatizwa. Akakaa Malta kusoma hadi 1888.

Kijana wa miaka 15 aliyeanza kusoma amechelewa, katika lugha ya kigeni, katika kisiwa cha watu wasiofanana naye, anatakiwa ajue mifupa ya mwili, mishipa ya damu, dawa na vipimo vyake. Hapo hakuna njia ya mkato. Jina la mfupa ama umelishika ama hujalishika. Kipimo cha dawa ukikosea, mgonjwa anakufa. Alikwenda hivyo somo baada ya somo kwa miaka saba.

Alipofuzu, hakubaki pwani ya Ulaya. Katikati ya mwaka 1888 alianza safari ya kuja Afrika Mashariki katika msafara wa Askofu Léonce Bridoux. Wakafika Unguja, wakavuka hadi bara, wakaingia ndani kwa miguu. Mwaka ule ule vita vya Abushiri viliwaka pwani, na njia nyuma yao ikawa ya hatari. Wao wakasonga mbele. Njia ya misafara tunaijua: kutoka pwani, kupita Ugogo wenye kiu, hadi Unyanyembe, na kutoka Tabora kukata pori la miombo kuelekea kusini magharibi mpaka ziwani. Mwanzoni mwa 1889 Atiman alifika Karema.

Hiyo ilikuwa mara ya pili katika maisha yake kutembea miezi mingi katika msafara. Mara ya kwanza alipelekwa kuuzwa. Mara ya pili alikuwa mtu huru mwenye kazi mkononi, na alijua anakwenda kufanya nini.

Karema ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji kuanzia mwaka 1879, ikakabidhiwa kwa wamisionari mwaka 1885. Biashara ya watumwa ilikuwa bado haijakoma katika nchi ya ziwa. Watu waliokimbia kukamatwa walikuja pale wakiwa na njaa, vidonda na woga. Atiman alikuwa amekwisha kuujua woga huo tangu utotoni. Mwaka ule ule wa 1889 alimwoa Agnes Wansahira, mwanamke wa huko huko, na mtoto wao Yosefu baadaye akawa padre. Mtu aliyepokonywa ukoo wake akaanza ukoo mpya kando ya Ziwa Tanganyika.

Akakaa Karema miaka 67.

Tuihesabu vizuri miaka hiyo. Alifika kabla Wajerumani hawajaimarisha utawala wao katika nchi ya ziwa. Aliwaona wakija, akawaona wakiondoka katika Vita Kuu ya Kwanza, pale Tabora ilipotekwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi Septemba 1916. Akaingia enzi ya Waingereza, na alifariki mwaka 1956, miaka mitano tu kabla ya Uhuru. Serikali zilibadilika, bendera zikashuka na kupanda, na mlango wa zahanati ya Karema ukaendelea kufunguliwa. Ndui, malaria, vidonda ndugu, malale iliyoingia kando ya ziwa mwanzoni mwa karne iliyopita, akina mama wenye uzazi mgumu, wote walimjia yeye, katika nchi ambayo daktari mwingine alikuwa mwendo wa siku nyingi.

Kuna jambo jingine katika maisha yake ambalo walimu wetu wa sayansi wangependa tulitaje. Atiman alipomaliza masomo mwaka 1888, hakukuwa na daktari yeyote duniani aliyekuwa amethibitisha kwamba malaria huenezwa na mbu. Ronald Ross alikuja kuonyesha vimelea vya malaria ndani ya mbu mwaka 1897, na Atiman alikuwa tayari Karema kwa miaka minane. Dawa za salfa zilikuja miaka ya 1930, na penisilini ikaanza kutumika katika miaka ya 1940 alipokuwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya yale ambayo daktari wa mwaka 1950 alipaswa kuyajua, hayakuwamo katika masomo ya Malta. Cheti chake kingebaki kuwa karatasi ya zamani kama angeacha kujifunza siku aliyokipokea.

Mwaka 1946 simulizi ya maisha yake, kwa maneno yake mwenyewe, ilichapishwa katika jarida la historia la Tanganyika. Mtoto ambaye wafanyabiashara walimhesabu pamoja na mizigo akaacha habari zake kwa mkono wake. Hilo nalo ni tunda la shule.

Sasa kwa wanafunzi wetu.

Tunajua mnavyochoka na maneno ya wakubwa kuhusu kusoma kwa bidii. Kila mahafali mnaambiwa muwe na malengo, kisha mgeni rasmi anapanda gari lake anaondoka. Kwa hiyo tutasema machache.

Lengo la Atiman halikuwa ndoto ya kutajwa siku ya mahafali tu. Lilikuwa limegawanyika. Kwanza lugha, kisha kusoma, kisha mifupa, kisha dawa, kisha wagonjwa, na kila hatua ilitegemea ile iliyotangulia. Nanyi fanyeni hivyo. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayesema atakuwa daktari, ni vema. Lakini aandike nyuma ya daftari lake jambo moja ambalo ataliweza kabla ya likizo ya Juni: labda hesabu za sehemu, labda kuandika aya moja ya Kiingereza bila kosa la wakati, labda kuzitaja sehemu za moyo na kazi zake bila kuchungulia. Likizo ikifika ajipime mwenyewe kwa ukweli. Likiwa limetimia, aandike la pili. Likiwa halijatimia, asibadilishe lengo, abadilishe namna ya kulifuata: akae na mwenzake anayelielewa somo, amfuate mwalimu baada ya kipindi, au aamke mapema kidogo. Safari ya kutoka pwani hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800, na wapagazi waliimaliza kambi kwa kambi. Hakuna aliyelala Bagamoyo akaamkia Unyanyembe.

La pili: msidhani mmechelewa. Kama umerudia darasa, kama ulianza shule ukiwa mkubwa kwa sababu ya kuchunga ng'ombe, kama Kiingereza kinakupiga chenga, mkumbukeni mtoto aliyeanza herufi ya kwanza akiwa na miaka kama 10 katika nchi ambayo hakuijua.

La tatu: hakuchagua yaliyompata. Hakuchagua kutekwa, wala kuvuka jangwa. Nanyi hamkuchagua umbali wa shule, wala mvua iliyokosekana, wala kifo cha mzazi. Hatutawaambia kwamba mambo hayo si kitu. Ni makubwa. Tunachosema ni kwamba ndani ya siku iliyo ngumu kuna saa moja ambayo bado ni yako, na saa hiyo ukiitumia kila siku kwa miaka minne, inakuwa kubwa kuliko unavyodhani.

Kwa wazazi tuna neno moja tu. Msimu wa tumbaku ukifika madawati yetu yanabaki matupu, kwa kuwa mikono midogo inahitajika shambani na kwenye mabani. Tunajua deni la pembejeo halisubiri. Lakini mtoto anayetolewa darasani wiki tatu kila mwaka amepoteza zaidi ya wiki tatu, kwa sababu somo linalofuata limejengwa juu ya lile alilolikosa. Wapagazi wetu wa zamani walijua kwamba anayeachwa nyuma na msafara porini hupata shida kuufikia tena.

Na sasa tuseme na sisi wenyewe, wanajumuiya.

Tulipokuwa tunaandika habari hizi tuliona aibu kidogo, na ni haki tuwaeleze. Kwa miaka kadhaa jumuiya yetu imekuwa ikitafuta watoto waliofaulu darasa la saba kutoka familia zisizojiweza, tukawanunulia sare, viatu, begi na godoro, tukapiga nao picha, tukazichapisha katika kijitabu hiki. Ada ya shule za serikali hakuna sasa, kwa hiyo tulijiambia kazi imekwisha. Hatukurudi kuuliza. Tulipokwenda kuwatafuta mwaka huu, baadhi tuliwakuta wakisonga mbele vizuri. Wengine tuliambiwa waliacha katika kidato cha pili. Mmoja anaendesha bodaboda ya mtu. Mmoja ameolewa. Sababu hazikuwa uvivu. Ilikuwa ni chakula cha shuleni, chumba cha kupanga karibu na shule ambacho hakikuwa salama kwa msichana, taulo za kike, nauli, na kukosa mtu mzima wa kuuliza matokeo ya muhula.

Tulikuwa tumewakomboa kwa siku moja, tukawaacha bila ile miaka 12.

Kama wale waliomnunua Atiman wangempa nguo mpya, wakampiga picha na kumwacha sokoni, tusingekuwa na habari ya kusimulia. Walimlipia chakula, mahali pa kulala na walimu, mwaka hata mwaka, mpaka alipoweza kusimama mwenyewe. Bidii ilikuwa yake, hakuna aliyesoma kwa niaba yake. Lakini bidii ya mtoto bila mtu wa kumshika mkono kwa muda mrefu huishia njiani. Na mkono wa mfadhili bila bidii ya mtoto nao hauinui kitu. Jembe ni la chuma, mpini ni wa mti, na shamba halilimwi kwa kimoja.

Kwa hiyo mwaka huu tumebadilisha utaratibu, na ndiyo sababu fomu ya ahadi iliyo mwishoni haifanani na ya zamani.

Hatutaomba tena mchango wa sare peke yake. Tunaomba kila mwanajumuiya, au kikundi cha wanajumuiya watatu au wanne, wamchukue mwanafunzi mmoja tangu kidato cha kwanza hadi cha nne. Mchango utalipwa kila muhula, utahusu chakula na malazi kwanza, kisha vitabu na vifaa. Heri watoto wachache tutakaowafikisha, kuliko wengi tutakaowaacha nusu ya njia. Kila mwanafunzi ataandika malengo yake mawili kila muhula, moja la masomo na moja la tabia, na mwanakamati wa kata yake atakwenda shuleni kuyapitia pamoja naye na mwalimu wa darasa. Anayefadhili atapata nakala. Fedha iliyobaki itakwenda kwenye hosteli ya wasichana, ambayo kuta zake zimesimama na sasa zinangoja bati.

Ndugu zetu mlioko Dar es Salaam, Mwanza na nje ya nchi, tunajua mna majukumu yenu. Mnachangia harusi, misiba na matibabu, na simu za nyumbani haziishi. Tunachoomba si kikubwa kwa mara moja, ila ni kirefu. Haba na haba hujaza kibaba, mradi kibaba kisitobolewe katikati. Anayeona hataweza miaka minne, aungane na wenzake. Anayeona hawezi kutoa fedha, aje kukaa na watoto wakati wa likizo awafundishe hesabu, au awe ndiye mtu mzima wa kuuliza ripoti. Hilo nalo tutaliandika katika hesabu za mwakani, kwa sababu ni mchango.

Siku ya harambee tutakusanyika chini ya miembe, kama kawaida. Watoto tuliowaacha katika kidato cha pili tumewaalika pia, na wawili wamekubali kurudi darasani wakipata pa kulala. Tutaanza na hao.